Je, Mzazi Amshitaki Mwanawe?

Yapo mashaka ambayo mtu akiyapata hupata pia wa kumpa pole. Akifiwa, majirani huja matangani. Akiunguliwa nyumba, huletewa vyungu na mikeka. Lakini lipo shaka moja ambalo wazazi wengi hulibeba kimya, kwa kuwa waona haya kulitaja, nalo ni kudhulumiwa na mtoto wa kumzaa. Kijana ameuza cherehani ya mama yake. Amebandua mabati ya banda usiku. Amemwinulia baba yake mzee mkono mbele ya wajukuu. Ameonywa, akalia, amesamehewa, akarudia. Sasa mzazi amefika mahali pa kujiuliza: Je, niende polisi nikamshitaki mwanangu mwenyewe?

Mashauri atakayopewa ni mawili, na yote mawili ni mepesi kwa yule ayatoaye. Wa kwanza atamwambia kwamba damu ni nzito kuliko maji, na kwamba mzazi ampelekaye mwanawe gerezani ameukana uzazi wake. Wa pili atamwambia kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye, na kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kila shauri lina ukweli wake, lakini hakuna hata moja linalomtazama kijana huyu na nyumba hii. Yatupasa basi kulipima jambo hili polepole, sehemu kwa sehemu.

Swali la kale

Mataifa yameligombania swali hili tangu zamani. Huko China, mtawala mmoja alijisifu mbele ya Confucius kwamba katika nchi yake watu ni wanyofu hata mwana humshuhudia baba yake aliyeiba kondoo. Confucius akajibu kwamba kwao unyofu ni wa namna nyingine: baba humsitiri mwana, na mwana humsitiri baba. Wayunani nao walisimuliwa na Plato habari za Euthyphro, aliyekwenda kumshitaki baba yake kwa kifo cha kibarua. Socrates alistaajabu, akamwuliza kama ana hakika kiasi hicho ya kuijua haki. Warumi, kwa upande wao, walimsifu Brutus, ambaye masimulizi yao husema kwamba mwaka 509 kabla ya Kristo aliwahukumu kifo wanawe wawili kwa kula njama dhidi ya nchi, akasimama kutazama hukumu ikitekelezwa.

Hata sheria za siku hizi hazikubaliani. Nchini Ufaransa, mtoto aliyeiba mali ya mzazi wake kwa kawaida hashitakiwi kwa wizi huo, isipokuwa kwa vitu vichache kama hati za utambulisho. Nchini Ujerumani, mwizi wa mali ya jamaa yake hushitakiwa iwapo tu aliyeibiwa ameomba ashitakiwe. Na mzazi aweza kukataa kutoa ushahidi dhidi ya mwanawe. Kwetu Tanzania, tuliorithi sheria ya Kiingereza, wizi ni wizi hata kama mwenye mali ni mama wa mwizi. Kanuni ya Adhabu yetu humwondolea mke lawama ya kumpokea au kumsaidia mumewe aliyekosa, lakini mama amfichaye mwanawe hakutajwa katika msamaha huo.

Tofauti hizi zatufundisha nini? Zatufundisha kwamba madai mawili yanasimama mbele ya mzazi, dai la damu na dai la haki, na kwamba hakuna taifa lililoweza kulifuta kabisa mojawapo. Mzazi anayetetemeka mbele ya jambo hili hana udhaifu wa akili. Ameona sawasawa.

Deni ni la nani?

Jambo la kwanza la kupima ni hili: aliyekosewa ni nani? Maana mtu aweza kusamehe deni lake mwenyewe, lakini hawezi kusamehe deni la jirani. Kijana akiuza redio ya baba yake, baba aweza kusema, "Yamekwisha." Mali ilikuwa yake, na hasara ni yake. Lakini kijana huyo akivunja duka la mjane wa mtaa wa pili, msamaha wa baba hauna nguvu yoyote, kama vile mtu asivyoweza kugawa shamba lisilo lake. Hapo wajibu wa baba ni kumwambia mwanawe arudishe kitu, akakiri kosa lake. Na kama hataki, asiufunge mlango ili mwenye mali asipate haki yake.

Neno hili ni zito zaidi pale aliyeumizwa ni mtoto mwingine wa nyumba hiyo hiyo. Twasikitika kusema kwamba ni hapo hasa familia nyingi husema, "Tuyamalize kifamilia." Kijana amemharibu dada yake mdogo au mpwa wake, wazee wanakaa kikao, mbuzi anachinjwa, aibu inafunikwa. Na yule msichana? Anaambiwa anyamaze, kisha anaendelea kula sahani moja na aliyemtenda. Maandiko Matakatifu yametuwekea mbele ya macho nyumba ya Daudi iliyofanya hivyo. Amnoni alipomnajisi Tamari, mfalme alikasirika sana, lakini hakumtenda neno mwanawe. Miaka 2 ilipita. Absalomu, ndugu yake Tamari, aliyekaa kimya muda wote huo, alimwua Amnoni karamuni. Baadaye akamwasi baba yake. Na mwisho Daudi alimlilia yeye naye. Baba aliogopa kumpoteza mwana mmoja kwa haki, akawapoteza wawili kwa kukosa haki, na Tamari akabaki katika ukiwa.

Katika jambo la namna hiyo hatuoni nafasi ya kusitasita. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humtaka kila mwanajumuiya atoe taarifa aonapo mtoto anadhulumiwa. Na katika vituo vingi vya polisi lipo Dawati la Jinsia na Watoto kwa ajili ya mashitaka kama hayo. Mzazi ni mzazi wa watoto wote wa nyumba yake, na aliye mdogo na aliyeumizwa ndiye mwenye haki ya kwanza ya kulindwa.

Kazi ya hakimu na kazi ya mzazi

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alitoa mfano mmoja unaofaa sana hapa. Anamsema mwizi aliyepasiwa adhabu ya kifo. Hakimu ataka adhabu itekelezwe, kwa sababu amewekwa kutunza mema ya watu wote; mke au mtoto wa mwizi hataki auawe, kwa sababu anatazama mema ya jamaa. Tomaso asema kwamba nia zote mbili zaweza kuwa njema, maana kila mmoja anayatunza mema aliyokabidhiwa.

Mafundisho hayo yatufaa kwa njia mbili. Kwanza, yanamwondolea mama mzigo usio wake. Hakuwekwa kuwa hakimu wa mwanawe, wala hatakiwi kumfuata Brutus na kutazama adhabu kwa macho makavu. Aweza kusema ukweli wote mbele ya mahakama, kisha akaiomba mahakama hiyo hiyo imhurumie mwanawe, wala asiwe mnafiki. Pili, yatuonya tusiende polisi kwa hasira. Mzazi asemaye, "Nataka akaozee huko," amekiacha kiti chake mwenyewe na kukalia cha hakimu, tena akiwa hakimu mbaya. Aendapo, na aende kwa ajili ya mema ya jamaa yake: kuwalinda walio dhaifu nyumbani, na kumzuia mkosaji asizidi kuharibika.

Hatari ni ipi, na iko umbali gani?

Jambo la pili la kupima ni hatari. Kuna kosa lililokwisha, na kuna kosa linaloendelea. Kijana aliyeiba mara moja akatubu si sawa na kijana alalaye na panga chini ya mto na kumtishia mama yake kila apatapo kiu ya unga. Mzazi aliye hatarini ana haki ya uhai wake, wala upendo haumdai angoje kuuawa na mwanawe. Mwenye kumwachia mwanawe nafasi ya kuwa muuaji wa mzazi hamtendei hisani.

Tena kuna hatari nyingine ambayo wazazi husahau. Wasema, "Bora abaki mtaani kuliko gerezani." Lakini mtaani kuna nini? Kwa miaka mingi taarifa za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimehesabu kwa mamia watu waliouawa na makundi yaliyojichukulia sheria mkononi, na wengi wao walidhaniwa kuwa wezi. Kijana mwizi aliyestiriwa na mama yake leo aweza kesho kupigwa mawe na kutiwa moto kwa sababu ya kuku au simu. Seli ya polisi ni mahali pa huzuni. Lakini kuna siku ambayo seli ndiyo itakayomweka hai.

Sheria itamfanya nini?

Jambo la tatu ni kujua mlango unaoufungua unaelekea wapi. Wazazi wengi huenda polisi wakidhani kwamba kijana atatishwa kidogo, atalala ndani siku mbili, kisha watamwombea atoke. Yawapasa kujua kwamba kesi ya jinai ni ya Jamhuri. Mzazi akiisha kuandikisha maelezo yake, huwa shahidi. Kuifuta kesi kwahitaji ridhaa ya mahakama. Kwa makosa madogo ya mtu na mtu, kama kupigana kusikoleta madhara makubwa, sheria yairuhusu mahakama kuwapatanisha watu. Wizi wa kawaida waweza kuadhibiwa hadi miaka 7, na hapo hakimu ana nafasi ya kupima: aweza kumwachia kijana kwa masharti, kumweka chini ya uangalizi, au, kwa kifungo kisichozidi miaka 3, kumpa kazi za huduma kwa jamii chini ya sheria ya mwaka 2002.

Lakini mambo hubadilika panapotajwa silaha. Kijana akimnyang'anya mama yake simu huku ameshika kisu, hilo laweza kuwa kosa la unyang'anyi wa kutumia silaha, ambalo adhabu yake haipungui miaka 30, na halina dhamana. Hakimu hana ruhusa ya kupunguza chini ya hapo, hata mama akilia mbele yake. Hatulisemi neno hili ili kuwafundisha wazazi kuuficha ukweli. Kiapo ni kiapo, na uongo wa mahakamani ni dhambi na ni jinai. Twalisema ili mzazi asingoje mpaka siku ya kisu. Anayepeleka shauri mapema, wakati kosa lingali la redio na mabati, anampeleka mwanawe kwa hakimu ambaye bado ana nafasi ya kumhurumia. Anayesubiri miaka kwa kuogopa aibu, aghalabu humpeleka kwa hakimu aliyefungwa mikono na sheria. Samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo yahusu mashitaka pia.

Kama mkosaji hajatimiza miaka 18, njia ni nyingine. Shauri lake huenda Mahakama ya Watoto; sheria yakataza ahukumiwe kifungo cha gerezani; naye aweza kupelekwa Shule ya Maadilisho Irambo, mkoani Mbeya. Kama akili yake imeugua, asikia sauti na kuwadhania jamaa zake kuwa maadui, huyo anahitaji hospitali kabla ya mahakama, na Hospitali ya Mirembe ya Dodoma imejulikana kwa kazi hiyo kwa vizazi kadhaa. Na kama ametekwa na heroini, wazazi wajue kwamba Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa tiba ya methadoni mwaka 2011, na vituo vingine vikafuata mikoani. Kumshitaki mgonjwa kabla ya kumtafutia tiba ni kuruka ngazi. Lakini ugonjwa nao usiwe blanketi la kufunikia kila ovu: mgonjwa anayekataa tiba na kuwapiga wazee wake hawezi kuachiwa aendelee ati kwa sababu ni mgonjwa.

Ngazi za maonyo

Injili ya Mathayo yatupa utaratibu wa kumwonya ndugu aliyekosa: kwanza peke yenu wawili, akikataa, mbele ya shahidi mmoja au wawili, akikataa tena, mbele ya jumuiya. Utaratibu huo wafaa nyumbani pia. Kwanza baba na mama wapatane wao kwa wao, maana mtoto mwerevu hupita katikati ya wazazi wasiopatana; baba akikataza, mama humpa fedha kwa siri, na kila mmoja humlaumu mwenziwe. Kisha waseme na kijana waziwazi, wamtajie alilolitenda na mpaka asioruhusiwa kuuvuka. Akiuvuka, waitwe mjomba, shangazi, babu, au mtu ambaye kijana humheshimu. Baada yao kuna katekista na padre, kuna mwenyekiti wa mtaa, kuna afisa ustawi wa jamii. Polisi waja baadaye, isipokuwa pale maisha ya mtu yako hatarini au mtoto ameharibiwa. Hapo hakuna kungoja ngazi, kwa kuwa nyumba inayowaka haiitishi kikao.

Tena kila ngazi iwe ya kweli. Tishio lisilotimizwa humfundisha mtoto kudharau maneno. Mzee Eli aliwakemea wanawe, Hofni na Finehasi, kwa maneno mengi mazuri, lakini hakuwazuia. Na kwa hilo alilaumiwa. Mzazi asitamke neno "polisi" siku ya Jumatatu kama hakusudii kwenda siku ya Jumanne.

Pingamizi mbili

Labda mtu atasema: "Gereza halimtengenezi mtu, atatoka amekuwa mwizi hodari zaidi." Hatuwezi kulipuuza neno hili. Magereza yana msongamano, kesi huchukua muda mrefu, na kijana mwizi wa kuku aweza kulala bega kwa bega na jambazi. Ndiyo sababu tumesema kwamba mashitaka yasiwe fimbo ya kwanza, na kwamba kwa hasara ya mali peke yake mzazi ana haki kamili ya kusamehe na kuvumilia, mradi uvumilivu wake usilipiwe na mtu mwingine. Lakini pale kijana anapowaumiza wengine, swali la kama gereza litamfaa yeye haliwezi kuwa swali la pekee. Dada yake naye ni mtu. Mjane wa dukani naye ni mtu.

Mwingine atasema: "Baba wa mwana mpotevu hakumshitaki mwanawe." Ni kweli. Lakini tuisome habari hiyo mpaka mwisho. Baba yule hakumfuata mwanawe katika nchi ya mbali na mfuko wa pili wa fedha. Alimwacha aonje njaa na kulisha nguruwe, na ni huko kijana alikozingatia moyoni mwake. Aliporudi akikiri kosa, baba alimkimbilia. Upendo wake haukuwa na mwisho, lakini haukumkinga na matunda ya matendo yake.

Baada ya uamuzi

Neno la mwisho ni la wale waliokwisha kuamua, kwa njia hii au ile.

Wewe uliyemshitaki, usidhani kwamba kazi ya uzazi imekwisha mlangoni pa kituo. Mpelekee chakula kama inavyoruhusiwa. Mtafutie wakili ukiweza. Kumshitaki mtu hakukuondolei wajibu wa kutaka ahukumiwe kwa haki. Sema ukweli wote, usiongeze kwa hasira wala usipunguze kwa huruma. Akifungwa, mtembelee. Kijana aliyefungwa na mzazi anayemtembelea anajua kwamba kilichokataliwa ni tendo lake. Asiyetembelewa hujiona amekataliwa yeye mwenyewe. Na siku ya kutoka, awepo mtu wa kumngoja nje ya lango, maana mfungwa asiyengojwa na nduguze hungojwa na wenzake wa zamani.

Wewe uliyesamehe, msamaha wako uwe na macho. Funga kabati, toa kisu mahali kinapoonekana, waweke watoto wadogo mahali salama, usimpe fedha mkononi, mfuate katika tiba. Msamaha hautudai tuwe wajinga.

Na sisi majirani, tuache kuhukumu. Mama aliyekwenda polisi hakukosa upendo, na mama asiyekwenda hakukosa akili. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Tukiona mama amesimama njia panda, tusimtupie methali na kupita. Tumwulize kama amelala usiku, kama watoto wako salama, na kama anahitaji mtu wa kufuatana naye kwa afisa ustawi wa jamii, hospitalini, au kituoni. Wengi wamefanya uamuzi mbaya kwa sababu waliufanya peke yao, usiku wa manane, wakiwa na hofu na aibu peke yake za kuwashauri.